Machozi Si Kipimo: Hisia za Sosiopathi Mbele ya Baraza la Ukoo

Katika vijiji vya Kilolo na Mufindi, kama ilivyo Rungwe na Mbeya Vijijini, ugomvi mzito wa ndoa aghalabu huamuliwa barazani kabla haujafika polisi. Wazee wa pande mbili huketi, mshenga huitwa, naye mwenye kosa hupewa nafasi ya kusema. Akiinamisha kichwa, sauti ikamkauka na machozi yakamdondoka, mioyo ya waliohudhuria hulegea. Faini hutajwa kwa kadiri ya kosa, mke hushauriwa arudi kwake, na kikao hufungwa kwa kinywaji. Utaratibu huo umeokoa ndoa nyingi, na mhudumu wa afya asiyeuheshimu hajatambua kazi unayoifanya mahali ambapo ofisi ya ustawi wa jamii iko mwendo wa nusu siku.

Hata hivyo, utaratibu mzima umesimama juu ya imani moja, kwamba anayelia ameumizwa na aliyoyatenda. Kwa watu walio wengi imani hiyo ni sahihi. Kwa wachache si sahihi, na wachache hao ndio wanaorudi barazani mara ya pili, ya tatu na ya nne, wakilia vilevile.

Mfano ufuatao ni wa kutunga, ingawa wauguzi wengi watadhani wamewahi kukutana nao. Mwanamume wa makamo, mchuuzi wa viazi pale Uyole, ni mcheshi, mkarimu mbele ya watu, hodari wa kukumbuka majina ya watoto wa wenzake. Nyumbani amekwisha kuuza magunia ya mahindi ya mkewe bila kumwambia, amekopa kwa jina la shemeji yake, na amempiga mkewe hadi mfupa wa mkono ukavunjika. Barazani alilia mpaka mjomba wa mke akalia naye. Usiku uleule, wakiwa njiani kurudi nyumbani, alimwigiza mjomba yule anavyofuta kamasi, akacheka. Mke alipokwenda hospitali kukaguliwa plasta alimwuliza muuguzi: "Sista, hivi huyu mtu ana moyo kweli, au mimi ndiye nisiyeelewa?"

Swali hilo ni la kitabibu, na lastahili jibu la kitabibu.

Kwanza kuhusu jina. "Sosiopathi" ni neno lililoenea katika filamu na katika mazungumzo ya vijana, lakini katika faili la mgonjwa halimo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mfaransa Philippe Pinel alieleza wagonjwa ambao fikra zao zilikuwa timamu ilhali mwenendo wao ulikuwa wa ghasia isiyozuilika. Mwaka 1941 Mmarekani Hervey Cleckley alitoa kitabu kuhusu watu wanaovaa utimamu kama barakoa: wepesi wa maneno, werevu, wasio na wasiwasi, wasiofundishika kwa adhabu. Mwongozo wa kwanza wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliotoka mwaka 1952, ulitumia istilahi ya usosiopathi. Ule wa 1980 ulileta jina linaloandikwa hadi leo, yaani hitilafu ya haiba inayopingana na jamii. Shirika la Afya Duniani nalo, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeacha kuzigawa hitilafu za haiba kwa majina mengi. Sasa hupimwa uzito wa hitilafu yenyewe, na sifa ya kutojali wengine huongezwa pale inapoonekana. Mwanasaikolojia wa Kanada, Robert Hare, alitunga orodha ya sifa 20 za kupimia usaikopathi, kila sifa ikipewa alama kuanzia 0 hadi 2.

Hapa neno sosiopathi linatumika kwa maana yake ya mitaani: mtu ambaye tangu ujana wake hudanganya, hutumia na huumiza wengine pasi na majuto. Lakini tafiti nyingi zitakazotajwa ziliwahusu waliopimwa kwa vigezo vya Cleckley au kwa orodha ya Hare, na wengi wao walikuwa wafungwa wanaume wa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Msomaji wa Iringa ana haki ya kulijua hilo kabla hajayapokea matokeo yao.

"Hana hisia" ndiyo sentensi inayorudiwa zaidi kuhusu watu hawa, na ndiyo yenye makosa zaidi. Sosiopathi hukasirika, tena upesi. Huchoshwa na jambo moja haraka kuliko wenzake, hufurahia ushindi, huona fahari, huona wivu, hudharau. Akinyimwa anachokitaka, damu humchemka kama mtu mwingine yeyote. Kilichopungua kwake ni kundi fulani la hisia, na kwa bahati mbaya kundi hilo ndilo linaloyashikilia maisha ya pamoja: hofu, hatia, na ule uchungu unaomwingia mtu anapoona mwenzake akiumia.

Mwaka 1957 David Lykken wa Marekani alichapisha jaribio ambalo bado hufundishwa. Washiriki walitakiwa kugundua mfuatano sahihi wa vitufe kwenye mashine. Baadhi ya vitufe vya makosa vilitoa mshtuko wa umeme. Mfuatano wenyewe walijifunza kwa kiwango kinacholingana. Tofauti ilijitokeza kwenye vitufe vya mshtuko, kwani watu wa kawaida walizidi kuviepuka, ilhali wale wenye sifa alizozieleza Cleckley waliendelea kuvibonyeza. Miaka kadhaa baadaye Hare aliwahesabia wafungwa namba kuelekea mshtuko huku akipima jasho la viganja vyao. Wafungwa wa kawaida walilowa viganja kabla namba haijafika. Wenye usaikopathi walikaa wakavu muda mrefu zaidi. Maumivu wanayapata. Wanachokikosa ni kuyaogopa kabla hayajafika.

Mwaka 1970 mtafiti aitwaye Schmauk alibadili adhabu tu. Badala ya kupigwa na umeme, mshiriki alipoteza fedha kila alipokosea. Hapo watu wa aina ile ile walijifunza kuliepuka kosa sawa na wenzao. Matokeo hayo yanaonekana madogo, lakini yana uzito mkubwa kwa kila anayeketi katika baraza la ukoo, na yatarejewa.

Kuhusu uchungu wa wengine, James Blair wa Uingereza alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba watu hawa hupata taabu kuutambua uso wenye hofu na uso wenye huzuni, akaihusisha taabu hiyo na amigdala, kiini kidogo kilichomo ndani ya ubongo. Kila muuguzi wa chanjo anakijua kinachokosekana: mtoto anapoiona sindano na uso wake ukabadilika, hata mama aliyekuja na mtoto mwingine hukunja uso. Hakuna aliyemwagiza kukunja. Hare na wenzake nao walichapisha mwaka 1991 matokeo yaliyoonyesha kuwa maneno yenye uzito wa moyo, ambayo watu wengi huyatambua upesi kuliko maneno ya kawaida, kwa wenye usaikopathi hayana kasi hiyo. Wanajua maana ya neno, lakini halina joto.

Utafiti wenye msaada mkubwa zaidi katika kulijibu swali la yule mama ulifanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2013. Wahalifu 18 waliothibitishwa kuwa na usaikopathi walionyeshwa filamu fupi za mikono ya watu wawili: mkono unaopapasa, mkono unaoumiza, mkono unaosukuma mwingine kando. Walipotazama tu, ubongo wao uliitikia kidogo kuliko wa watu wengine. Kisha wakaambiwa wajitahidi kuhisi anachokihisi mtu wa kwenye filamu. Tofauti ikakaribia kutoweka. Huruma yao ilikuwa kama taa inayosubiri kubonyezwa, ilhali kwa watu wengi taa huwaka yenyewe mara mlango unapofunguliwa.

Kwa hiyo machozi ya barazani huenda yalikuwa ya kweli kwa dakika zile. Mtu anatazamwa na wazee kumi na wawili, ana ndoa, nyumba na sifa ya kupoteza, na ana kila sababu ya kuiwasha taa. Wanaodai kwamba sosiopathi huigiza kila chozi wanamrahisishia kazi, maana baraza likilitazama chozi na kuliona ni la kweli, litahitimisha kwamba mtu huyu si wa aina ile. Ukweli wa chozi haumaanishi kwamba litakuwapo kesho asubuhi.

Majuto nayo yamechunguzwa. Mwaka 2016 Arielle Baskin-Sommers na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa mchezo wa bahati nasibu, ambapo mshiriki huonyeshwa alichokipata na kile ambacho angekipata kama angechagua vingine. Wenye sifa nyingi za usaikopathi walijuta kama wengine, hata zaidi. Lakini majuto yale hayakuuongoza uchaguzi uliofuata. Yafaa ikumbukwe kwamba walikuwa wakijutia hasara yao wenyewe. Kujutia hasara ya mwingine ni jambo lililo mbali zaidi.

Wazee wa Nyanda za Juu Kusini waliijua nguvu ya hofu na aibu katika kuilinda jamii, wakajenga juu yake. Mwaka 1964 wanaanthropolojia Edgar Winans na Robert Edgerton walichapisha makala kuhusu haki inayotafutwa kwa uganga miongoni mwa Wahehe. Walieleza litego, dawa inayotegwa dhidi ya mkosaji, mara nyingi asiyejulikana: maradhi humwangukia yeye au jamaa zake, na anayejua alichokitenda huungama na kulipa ili litego liondolewe. Kwa upande wa Rungwe, Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya pumzi ya watu. Majirani waliokasirishwa na anayevunja wajibu hunung'unika, na manung'uniko yao huaminiwa kumletea ubaridi wa mwili na maradhi. Humohumo ameeleza ukwangala, ile raha ya kukaa na wenzako, kula, kunywa na kuzungumza pamoja, ambayo kwa Wanyakyusa ilihesabiwa miongoni mwa mambo makuu ya maisha.

Asiyeamini uganga atasema hizo ni imani tu. Na iwe hivyo. Kwa tabibu, la kutazamwa ni kile kinachofanya kazi ndani ya mtego. Ili litego linase, mkosaji lazima aogope jambo ambalo halijatokea, aumie kwa ugonjwa wa nduguye, na asononeke kwa kununiwa na majirani. Hizo ndizo hisia zilezile ambazo maabara za Marekani na Uholanzi zimezikuta zikipwaya. Kwa sosiopathi litego halinasi, na pumzi ya watu humpita kama upepo wa Kitulo unavyompita mtu aliyejifunika blanketi. Si ajabu akidhaniwa ana kinga kali ya mganga.

Yuleyule Edgerton, kutokana na kazi aliyoifanya mwaka 1961 na 1962, aliandika mwaka 1966 jinsi Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei wanavyomweleza mwenye kichaa. Majibu yalitaja kutembea uchi, kupiga kelele, kutangatanga, kuokota takataka. Mtu nadhifu anayesalimia vizuri na kuuza mahindi ya mkewe hayumo katika picha hiyo. Hapelekwi kwa mganga wa wenda wazimu, wala hapelekwi hospitali. Lakini haina maana kwamba jamii haimjui. Jane Murphy alichapisha mwaka 1976 kwamba Waeskimo wa Alaska wana neno "kunlangeta" kwa mtu ambaye akili yake inajua la kufanya lakini hafanyi, anayedanganya, anayeiba na kuwaendea wake za wenzake waliokwenda kuwinda. Na Wayoruba wa Nigeria wana "aranakan", mtu afuataye njia yake mwenyewe bila kujali yeyote. Mila hizo mbili zilimtofautisha na mwenye kichaa, na hazikutarajia mganga ambadilishe. Kiswahili nacho kina lake: huyu hana utu. Lugha imekwenda kwenye mzizi, kwa kuwa imemwachia umbo la mtu na kumnyima jambo moja tu.

Hapa ndipo tahadhari kubwa inapohitajika, na wahudumu wa afya wa Mbeya wanayo takwimu ya kuwasaidia. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti wa nchi nyingi kuhusu afya ya wanawake na ukatili wa nyumbani, nchini Tanzania likichagua Dar es Salaam na wilaya ya Mbeya. Ripoti ya mwaka 2005 ilionyesha kwamba, kati ya wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, asilimia 41 wa Dar es Salaam na asilimia 56 wa Mbeya walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Hitilafu ya haiba inayopingana na jamii, katika tafiti za nchi nyingine, huwapata watu wachache katika kila 100, na usaikopathi kamili hukadiriwa kuwa karibu na mmoja katika 100. Hesabu haikubali. Vipigo vilivyo vingi katika asilimia 56 vimetolewa na wanaume wenye hofu, hatia na huruma za kawaida, ambao wamelelewa kuamini kwamba mke hufundishwa kwa mkono. Kuwaita wote sosiopathi ni kuyasamehe malezi hayo na kuusingizia ubongo.

Vivyo hivyo mzaha wa kitaifa kuhusu hasira za Wahehe. Anayewaka, akapiga meza, kisha baada ya saa moja akaona haya hata asiweze kula, yuko upande wa pili kabisa wa jambo hili. Hisia zake zimezidi, hazijapungua. Sosiopathi hukasirika pia, lakini ukatili wake mwingine hutendwa kwa utulivu, kwa faida, kama mtu anayepiga hesabu za mizigo.

Kwa mhudumu wa zahanati, swali la kwanza ni moja: alikuwa hivi tangu lini? Mtu aliyekuwa mpole hadi miaka 30, kisha akaanguka na pikipiki kwenye barabara kuu ya Iringa na Makambako, akazinduka akiwa mkali, mchafu wa maneno na asiyejali, huenda ameumia sehemu ya mbele ya ubongo, apewe rufaa. Mzee wa miaka 60 aliyebadilika tabia ghafla au polepole naye si sosiopathi, bali anahitaji kuchunguzwa ubongo. Anayekuwa mkatili msimu wa ulanzi na kuwa mwema ulanzi unapokwisha ana tatizo la pombe, na tatizo la pombe lina matibabu. Hitilafu ya haiba haina siku ya kuzaliwa inayokumbukwa. Kwa mujibu wa vigezo vya Marekani, dalili zake huwa zilikwisha kuonekana kabla ya miaka 15, na utambuzi wenyewe haufanywi kabla ya miaka 18.

Kifungu hicho cha mwisho kisomwe kwa makini na walimu. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ilibeba mzigo mkubwa kuliko mingine yote ya Bara katika utafiti wa virusi vya UKIMWI wa mwaka 2016 na 2017, ikiwa na maambukizi ya asilimia 11.4, 11.3 na 9.3 kwa watu wazima. Takwimu hizo zina watoto nyuma yake. Wapo waliozika baba na mama kabla ya darasa la nne, wakahamishwa kutoka kwa shangazi kwenda kwa bibi, na wasichana waliopandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani wakiwa bado wadogo. Mtoto wa namna hiyo aweza kukaa msibani macho makavu. Aweza kuiba na kudanganya bila kupepesa. Kumwita sosiopathi ni kosa la kitabibu na ni dhuluma, kwa sababu mara nyingi hisia zake zimefungiwa ndani ili aweze kuishi, na nyumba yenye usalama huzifungua.

Wapo pia watoto wachache ambao upungufu wa huruma unaonekana mapema, hata katika nyumba njema, na tafiti za mapacha za Uingereza zimeonyesha kuwa urithi una sehemu kubwa kwao. Hao nao si wa kukatiwa tamaa. Mark Dadds wa Australia alionyesha mwaka 2006 kwamba watoto wa aina hiyo walipoelekezwa wayatazame macho ya mtu kwenye picha, waliitambua hofu vizuri zaidi. Utafiti wa watoto walioasiliwa nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliona kwamba sifa na upole wa mama mlezi vilipunguza hatari iliyorithiwa kwa mama mzazi. Katika nyumba za Kihehe na Kinyakyusa mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa, na hiyo ni adabu. Basi mazoezi ya kutazamana yafanywe na bibi, katika mchezo, jikoni, pasipo kuvunja heshima. Kiboko hakitasaidia. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu shuleni viboko visivyozidi vinne, lakini jaribio la Lykken linatosha kueleza kwa nini cha tano kisingefanya tofauti kwa mtoto asiyeogopa mshtuko ujao. Mtoto huyo hufuata tuzo. Aambiwe kazi akimaliza atapata nini, na akipate.

Kwa watu wazima hakuna kidonge cha kuleta majuto. Zipo dawa na tiba za sonona, za pombe na za msongo, ambazo watu hawa huzipata pia, na zitolewe bila kinyongo. Lakini tahadhari iko hata katika tiba ya mazungumzo. Huko Ontario, Kanada, wahalifu waliwekwa katika jumuiya ya tiba iliyosisitiza kufunguliana mioyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kuwa wenye usaikopathi waliopitia humo walirudia ukatili zaidi kuliko wenzao ambao hawakupitia. Yaelekea walijifunza lugha ya hisia bila kupata hisia. Kinyume chake, kituo cha vijana cha Mendota, Wisconsin, kilichoanzishwa mwaka 1995, kilipunguza urudiaji wa makosa ya ukatili kwa kutumia tuzo ndogo za kila siku kwa mwenendo mwema unaopimika. Kwa hiyo yale ya Schmauk hayakuwa ya maabara tu.

Wala sheria haimwoni mtu huyu kuwa mwendawazimu. Kifungu cha 13 cha Kanuni za Adhabu kinamhurumia asiyejua alitendalo, au asiyejua kwamba halipaswi kutendwa, kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Sosiopathi anajua yote mawili. Taasisi ya Isanga kule Dodoma ni ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili. Njia ya mchuuzi wa viazi ni ile ya raia yeyote aliyevunja mkono wa mtu.

Baraza la ukoo basi lifanye nini? Liendelee kukaa, ila lipunguze thamani ya machozi na kuongeza thamani ya daftari. Mwenye kosa aseme atarudisha magunia mangapi na tarehe gani, mbele ya mashahidi. Mali ya mke iandikwe kwa jina la mke. Kosa likirudiwa, gharama iliyotajwa itozwe siku hiyohiyo, pasi na kikao kipya cha kusikiliza majuto mapya. Mwenye huruma ya kawaida hatapungukiwa na kitu kwa masharti hayo. Asiye nayo atakutana na kitu pekee ambacho utafiti umeonyesha kwamba anaweza kujifunza kwacho. Na pale ambapo mfupa umevunjwa, baraza halina mamlaka ya kuufunga mjadala: fomu ya PF3, dawati la jinsia na watoto la polisi, na kituo cha mkono kwa mkono hospitalini vipo kwa ajili ya saa hiyo, na muuguzi ndiye anayepaswa kuvitaja kwanza, kabla mgonjwa hajauliza.

Yule mama wa Uyole ajibiwe bila mafumbo. Mumewe anazo hisia. Huenda alilia kweli. Huenda pia anampenda kwa namna yake, kama mtu anavyokipenda kilicho chake. Na kwa kuwa muuguzi hawezi kumpima mtu asiyekuwapo chumbani, asimtolee jina la ugonjwa. Amvutie kiti, afunge mlango, achukue kalamu, aulize: "Dada, siku ile aliyolia mbele ya wazee, kesho yake alifanya nini? Na keshokutwa?"